Kofia Kumi na Mbili Zitoke, Kumi na Mbili Zirudi: Mwongozo wa Triathloni ya Kila Jumamosi Jamhuri, Nairobi

Kabla hujapanga umbali, ada wala rangi ya fulana, teua mtu mmoja ambaye Jumamosi hiyo hashindani. Huyo ndiye msimamizi wa mbio. Haogelei, hapandi baiskeli, na hapigi picha za kutuma kwenye grupu la WhatsApp. Kazi yake ni kujua, dakika yoyote ile, ni wangapi wako majini, wangapi wako kwenye baiskeli na wangapi wameshafika. Tena awe na idhini ya kusimamisha mbio bila kuomba ruhusa kwa yeyote, awe mwenyekiti au yule mwanachama aliyejitolea kununua koni. Klabu nyingi ndogo hukwama papo hapo, kwa sababu waanzilishi ndio wenye hamu kubwa ya kushindana. Dawa ni zamu. Mkiwa 20 na kila mtu akasimamia mara moja, zamu yako itarudi baada ya miezi minne na ushei.

Nasisitiza hili kwa kuwa mbio za kila wiki zina hatari yake, na si ile ya shindano kubwa la mara moja kwa mwaka. Shindano kubwa huja na hofu, na hofu hukagua breki. Jumamosi ya tisa mfululizo haina hofu. Kila mtu anazijua kona, wote wamezoeana, na fomu ya afya iliyojazwa mwezi wa kwanza haijafunguliwa tena. Haya yote nayaandika nikiifikiria Jumamosi hiyo ya tisa.

Umbali usiwasumbue. Triathloni iliyoingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney ni kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia, na ile fupi ni nusu ya hizo. Kwa klabu ya mtaani hata hiyo nusu ni nyingi. Anzeni na mita 400 majini, kilomita 10 za baiskeli na 2.5 za miguu. Mtu wa mwisho atafika kabla wasimamizi hawajachoka, na msimamizi aliyechoka haoni kitu.

Majini

Watu wengi huogopa baiskeli, nao wana sababu. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliopitia triathloni za huko tangu 1985 hadi 2016, ulihesabu matukio 135 ya vifo na mioyo kusimama. Kati ya hayo, 90 yalitokea wakati wa kuogelea. Ajali za baiskeli zilizoua zilikuwa 15. Wengi wa waathiriwa walikuwa wanaume, na wastani wa umri ulikaribia miaka 47, yaani umri uleule wa mzee wa ofisini anayeanza triathloni baada ya daktari kumwambia apunguze kitambi. Kwa hiyo nusu ya akili yako iweke kwenye dakika kumi za kwanza.

Ogeleeni kwenye bwawa la kuogelea, mahali ambapo sakafu inaonekana. Utakutana na mwanachama mwenye ndoto ya maji ya wazi, naye atakukumbusha kwamba Nairobi Dam, iliyo jirani tu, zamani ilikuwa ya mashua za tanga. Ni kweli, ilikuwa. Leo ina magugu maji na maji machafu ya mitaa inayoizunguka, na hakuna mjadala wa kuufungua. Kule Paris 2024, triathloni ya wanaume iliahirishwa kwa siku moja, kutoka Julai 30 hadi 31, kwa sababu mvua ilikuwa imeuchafua mto Seine. Kama Olimpiki nzima iliweza kungoja, nanyi mnaweza kukodi bwawa la shule au la klabu kando ya Ngong Road.

Tatizo la Nairobi ni kwamba bwawa na njia ya baiskeli huwa haviko pamoja. Usikubali watu watoke majini wakiwa wamelowa na kukimbilia baiskeli kupita barabara ya matatu. Gawa mbio mara mbili. Ogeleeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, andikeni muda wa kila mtu, kisha saa isimame. Watu wavae, wanywe chai, wasafiri polepole hadi kwenye uwanja wa baiskeli. Huko waanze kwa kupishana kulingana na muda wao wa majini: aliyetangulia kwa sekunde 40 aanze sekunde 40 mbele. Ushindani unabaki, na anayevuka mstari kwanza bado ndiye mshindi. Wapenzi wa sheria za kimataifa watanung'unika. Waache.

Sasa kuhesabu. Orodha ya malipo ya M-Pesa si orodha ya waogeleaji. Kuna atakayetuma pesa Ijumaa usiku halafu asiamke, na kuna atakayekuja mikono mitupu na "nitatuma baadaye" kisha aruke majini. Tumia kofia za kuogelea zenye namba. Mtu hagusi maji bila kofia, na anapotoka anaivua mwenyewe na kuitia kwenye ndoo iliyo mbele ya karani. Kofia 12 zimetoka, kofia 12 zirudi. Zikirudi 11, hakuna kundi jingine linaloingia, hakuna anayekwenda kuvaa, na macho yote yanaelekea sakafu ya bwawa kabla ya kuelekea vyooni. Mara nyingi atapatikana bafuni akiwa na kofia kichwani. Mkemee mbele ya wote, kwa upole, na wiki ijayo hatasahau.

Ingizeni watu kwa makundi madogo, wasiozidi wanne kwa kila njia ya bwawa, wakizunguka upande mmoja. Mita 400 kwenye bwawa la mita 25 ni mapito 16, na kila njia iwe na mtu wake wa kuhesabu mapito. Mwokoaji wa bwawa asipewe kazi nyingine. Asishike saa, asihesabu, asipige filimbi ya kuanzia. Mweleze pia kile ambacho sinema zimetudanganya: anayezama huwa kimya. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko sawa na maji, mikono inakandamiza chini, na hana pumzi ya kupiga kelele. Mwogeleaji aliyesimama wima majini bila kusonga aulizwe mara moja, "Uko sawa?" Asipojibu, hafanyi mzaha.

Julai ni mwezi wa kuangaliwa. Maji ya bwawa lisilopashwa moto asubuhi ya Julai Nairobi hukata pumzi, na anayeruka ghafla huvuta pumzi ya kwanza bila kutaka. Washuke kwa ngazi, walowe uso na shingo, wakae dakika mbili tatu, ndipo filimbi. Mgeni kutoka Mombasa au Malindi mwambie waziwazi kwamba hapa yuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na kasi yake ya nyumbani itamchosha kabla ya pito la nane. Na piga marufuku michezo ya kushindana kuzuia pumzi chini ya maji. Vijana huipenda, na mtu hupoteza fahamu bila dalili yoyote.

Ngurumo ikisikika, maji yaachwe. Hesabu dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikisikika nyingine, anza upya. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba mtaahirisha kuogelea mara kadhaa. Siku hizo fanyeni mbio-baiskeli-mbio.

Baiskeli

Ngong Road ilipanuliwa na ikapata njia za waendao kwa miguu na za baiskeli, na ni afadhali kuliko ilivyokuwa. Lakini njia ya baiskeli ya Nairobi ni ya kwenda kazini. Mama wa mahindi yuko pale, bodaboda anakatiza pale, na abiria wa matatu za 111 wanashuka hapohapo. Huwezi kushindana hapo, na ukifanya hivyo anayeumia huenda asiwe mwanachama wako. Southern Bypass inavutia kwa lami yake ndefu, ila malori hayapunguzi mwendo na msaada uko mbali. Ile ya juu, Expressway, hairuhusu baiskeli kabisa.

Hapo ndipo Jamhuri ina bahati yake. Jamhuri Park, uwanja wa maonyesho wa Agricultural Society of Kenya (ASK), una ua, mageti na barabara za ndani. Nenda ofisini ukiwa na barua: tarehe, saa za kuingia na kutoka, idadi ya watu, jina la msimamizi na namba yake. Uliza bei na masharti ya wenye uwanja, na uliza kuna nini kingine wiki hiyo, maana mahema ya tamasha la Jumamosi jioni hujengwa asubuhi. Kipindi cha maonyesho ya kimataifa ya biashara, ambayo kwa kawaida huwa mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, usiombe hata. Mkikosa hapo, tafuteni uwanja mwingine wenye ua. Sharti ni moja: lazima muweze kufunga geti na kujua nani yuko ndani.

Ikague njia kwa kuitembea kwa miguu, siyo kwa kuipita na baiskeli. Ukiwa kwenye baiskeli huoni mfuniko wa mtaro uliokosekana, changarawe kwenye kona, au nyaya za umeme wa muda. Zungukeni kwa kupinda kushoto tu. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo anayepinda kushoto hakati njia ya anayekuja mbele, hata gari la mlinzi likiingia bila taarifa. Epukeni mteremko unaoishia kwenye kona. Tarehe 27 Agosti 2022 tulimpoteza Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyeanguka kwa kasi kwenye mbio za barabara za vumbi huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33, mwanabaiskeli wa kulipwa, mtu aliyezijua baiskeli kuliko yeyote katika klabu yenu. Ujuzi haufuti mwendo. Kama sehemu pekee ya kugeukia iko chini ya mteremko, wekeni koni mapema za kuwalazimisha watu wapite mmoja mmoja, au mtafute mzunguko mwingine.

Ukaguzi wa baiskeli uchukue sekunde 30 kwa kila mtu, na ufanywe na mtu yuleyule kila wiki kwa sababu mikono yake itazoea. Bana breki ya mbele na usukume: gurudumu la nyuma linyanyuke. Bana ya nyuma: gurudumu lisizunguke. Shika gurudumu ulitikise pembeni. Angalia kama ncha za usukani zimezibwa, kwa maana bomba lililo wazi hupenya mwili kama patasi. Mwisho ni helmeti: vidole viwili tu viingie kati ya kamba na kidevu, na ganda lisiwe na ufa. Mwenye usukani wa kulalia mikono asiutumie kwenye mzunguko mfupi wenye watu wengi, kwani mikono iko mbali na breki. Ataleta hoja za kasi ya upepo. Kwenye kilomita 10 upepo hautamfikisha popote.

Kanuni ya helmeti katika triathloni ni nzuri, ichukueni ilivyo: kamba inafungwa kabla baiskeli haijaguswa, na haifunguliwi mpaka baiskeli irudishwe mahali pake. Chora mstari wa chokaa. Kabla ya mstari huo baiskeli inasukumwa, baada yake inapandwa. Wakirudi, wanashuka kabla yake. Migongano hutokea kwa urahisi hapa, mahali pa kubadilishia, mtu mmoja akikimbia na viatu mkononi na mwingine akiingia kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa.

Kila kona isiyoonekana upande wa pili iwe na msimamizi mwenye filimbi na jaketi la kuakisi mwanga. Filimbi moja ndefu maana yake wote simama. Jaribuni kabla ya mbio, kila wiki. Ndiyo, kila wiki. Na meza ya ndizi iwe chini ya hema: mwewe wa Nairobi wamezoea kunyakua chakula mikononi mwa watu, na mwendeshaji aliyeshtuliwa na mwewe akiwa ameshika usukani kwa mkono mmoja ni ajali ambayo hutaki kuieleza.

Miguu

Kukimbia ndiyo sehemu rahisi, nami sitakaa sana. Mtu akishuka kwenye baiskeli miguu huwa mizito na kichwa huweza kuzunguka, kwa hiyo mita 200 za kwanza ziwe tambarare. Kimbieni ndani ya ua uleule. Msitu wa Ngong Road uko karibu na kivuli chake kinavutia, lakini kwa mbio, ambapo mtu wa mwisho hubaki peke yake, si mahali pake. Mkitaka kwenda, iwe mazoezi ya kundi, kwa geti rasmi na kwa utaratibu wa Kenya Forest Service.

Mbwa wa kuzurura wapo. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Nani asiingie

Fomu ya afya ina maana ikisomwa. Maswali manne yanatosha kila Jumamosi, kwa mdomo, kabla ya kukabidhi kofia: Umewahi kuzimia au kuumwa kifua ukifanya mazoezi? Kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Umekuwa na homa wiki hii? Kuna dawa umeanza? Swali la homa ndilo litakaloleta ubishi. Mtu ametoka Kisumu Jumatano, akatibiwa malaria, na Jumamosi anajisikia vizuri.

"Kocha, niko sawa kabisa."

"Nafurahi uko sawa, ndugu yangu. Leo utashika saa."

Usiingie kwenye mjadala wa kitabibu, maana wewe si daktari. Mpe kazi. Mtu aliyepewa saa na kiti hajisikii amefukuzwa, na wiki ijayo atarudi. Mwenye kifafa au aliyewahi kuzimia asiogelee mpaka daktari wake aandike, na hata hapo awe na mtu wake pembeni ya bwawa. Wazee wa heshima, wale tunaowaita mzee na kuwapigia makofi, waulizwe maswali yaleyale kwa unyenyekevu uleule. Heshima isiwe sababu ya kutowauliza.

Watoto wawe na kundi lao, na muda wao wa peke yao kwenye mzunguko. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto katika chumba cha kubadilishia nguo. Wawe watu wazima wawili daima, na mzazi ajue ni kina nani.

Simu

Siku ya dharura ndipo utakapogundua kwamba "Jamhuri" haitoshi. Jamhuri High School iko upande wa Ngara, na dereva wa ambulensi aliyesikia "Jamhuri, karibu na shule" anaweza kwenda upande usio wako. Andika maneno ya kusema kwenye karatasi, yapigwe plastiki, yaning'inie shingoni kwa karani: "Jamhuri ya Ngong Road, uwanja wa maonyesho wa ASK, geti fulani, mtu mwenye jaketi la kuakisi anawasubiri." Kisha mtu huyo aende kweli getini. Bwawa liwe na karatasi yake tofauti. Namba za dharura za serikali ni 999 na 112. Kenya Red Cross ni 1199. Hospitali zipo karibu, ikiwemo Coptic kwenye Ngong Road, na Kenyatta haiko mbali. Mjue mapema ni ipi iliyo wazi kwa dharura saa hizo za asubuhi, na njia ya kufika geti la maonyesho likiwa na foleni.

Wanachama wasiopungua watatu wawe wamesomea huduma ya kwanza. Kenya Red Cross na St John Ambulance hufundisha. Aliyetolewa majini hapumui anahitaji pumzi kwanza, kisha kubana kifua mara 30 kwa pumzi mbili, kwa mwendo wa kubana 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike. Hili halijifunzwi kwa kulisoma hapa. Pesa za kwanza za klabu ziende kwenye mafunzo hayo, na medali zingoje mwaka wa pili.

Karatasi nyingine ni chache. Klabu isajiliwe kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, na OCS wa kituo chenu cha polisi aarifiwe kwa barua hata kama kila kitu kiko ndani ya ua. Nunueni bima inayogusa ajali za washiriki na madai ya watu wa nje. Kadi ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haimlipi mwenye gari lililogongwa. Ile fomu ya "nashiriki kwa hiari yangu" isainiwe, ila usijifiche nyuma yake. Na majibu ya afya ya wanachama yasikae kwenye grupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayahesabu kuwa taarifa nyeti, na hata isingekuwepo, nani anataka presha yake ijadiliwe na watu 80?

Uamuzi wa kuahirisha utolewe kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa ujumbe mmoja, usio na kura. Ukiruhusu kura, wale waliokwisha kunywa chai watashinda.

Kila Jumamosi, kabla hamjatawanyika, karani afungue daftari aulize nini kilikaribia kuharibika. Atapewa majibu ya kweli akiuliza watu wangali wanatoka jasho. Wakishafika nyumbani kila kitu kilikuwa sawa. Daftari liseme mambo madogo: koni ya kona ya tatu iliangushwa na upepo, mwokoaji aliondoka kwenda kupokea simu, kofia namba 7 ilirudi imechelewa. Jumanne msimamizi wa wiki ijayo alisome, achague jambo moja la kurekebisha, na aandike chini yake jina lake na kile alichofanya.